Majivu Kwenye Kifuko

Usiku wa kuamkia Jumamosi, jikoni kwa Mndolwa,
tunaichagua ardhi kama mchumba anavyochaguliwa:
hatuanzi na uso, tunaanza na ukoo.

Mndolwa ana gobole lenye namba
na kibali cha pongo mmoja, kimegongwa muhuri Handeni,
kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa sukari.
Mimi nina majivu kwenye kifuko cha ngozi,
majivu ya magunzi, mepesi, yasiyojua kudanganya.
Chambo hana kitu. Chambo ana miguu,
ndiyo maana husema kwanza.

"Mkonge," anasema. Shamba la Mgiriki
lililokufa kabla hatujatahiriwa:
mistari bado imenyooka, ila kati yake
msitu umeingia bila kupiga hodi.
"Nimeona kinyesi kinang'aa kama kunde zilizolowekwa.
Nimeona mche umekwanguliwa na pembe, utomvu haujakauka."
Mndolwa anatikisa kichwa.
Mjeruhi mnyama humo, utamfuata kwa magoti,
na damu utakayoiona asubuhi itakuwa yako.

Basi mbuga ya Msangazi, iliyoungua juzijuzi.
Majani yanachipua, laini kama ndevu za kwanza,
hakuna paa awezaye kuyakataa.
Lakini pale hata sisi tutaonekana,
na ng'ambo ya jiwe jeupe, jiwe la hifadhi,
kibali chetu ni karatasi ya kufungia karanga.
Mnyama akivuka na goroli yetu mwilini,
anavuka na kesi yetu.

Basi kwa Mwajabu, bondeni.
Kunde zake zinaliwa kila usiku;
amekuja kutuita mara mbili, mara ya pili na kuku.
"Ardhi inayokuomba ni tamu," anasema Chambo.
Ardhi inayokuomba ina deni, namjibu:
Mwajabu atataka paja, jirani yake atataka maini,
mjumbe atataka kujua kwa nini hakuambiwa.

Tunazunguka hivyo
hadi makaa yanajifunika shuka jeupe.

Kuna mahali pa nne.

Dimbwi lisilokauka. Udongo wa chumvi
ulioramba-rambwa na pongo hadi ukabonyea kama kiganja.
Njia tatu zinakutana, kichaka kiko panapotakiwa kichaka.
Mwambie mtoto achore ardhi ya kuwindia,
atachora pale.
Ni pale Mhina, mdogo wake Mndolwa,
alipochuchumaa alfajiri kunywa maji
akiwa na shati la kahawia.
Mimi ndiye niliyenong'ona: pongo.
Mndolwa ndiye aliyefyatua.

Miaka kumi na moja.
Pongo wa pale wamenenepa,
wanalala mchana kweupe
kama wenye nyumba wanaojua mgeni hatarudi.

Basi ukiniuliza wawindaji huchaguaje ardhi,
sitakutajia kinyesi, wala chumvi, wala majani mabichi.
Tunaifuta ile moja kwanza,
kimya, bila kutazamana,
halafu tunabishana kwa sauti kubwa
juu ya zilizobaki.

"Kwa Mwajabu," anasema Mndolwa, na yamekwisha.

Saa kumi tunatoka. Umande unalowesha suruali hadi magotini.
Kwenye njia panda nafungua kifuko,
narusha majivu, kidogo tu, kama chumvi ya mboga.
Upepo mzuri: unatoka kwenye kunde,
unatupiga usoni na harufu ya maua yake.
Majivu yanasita, yanatupita begani,
yanarudi nyuma, kule kwenye dimbwi,
kama mtu aliyesahau kitu.

Chambo ameshatangulia.
Mndolwa hageuki.
"Funga kifuko," ananiambia.